«Ajali haina kinga»: Sayansi, sheria na vifo vya barabarani

Neno «ajali» liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni muda uliowekwa, kikomo ambacho kiumbe hawezi kukisogeza mbele wala nyuma. Aliyefikiwa na ajali yake amefikiwa na siku yake. Kamusi za Kiswahili hata leo zaziweka maana mbili bega kwa bega: mambo yaliyokadiriwa na Mungu, na tukio lenye madhara lisilotazamiwa. Methali nayo ikatia muhuri: ajali haina kinga. Motokari zilipofika Afrika, neno hilo lilikuwa limekwisha kukaa mahali pake likingoja. Chombo kipya kiliua kwa namna mpya, lakini kifo chake kikapewa jina la zamani, na pamoja na jina kikapewa maelezo ya zamani. Katika miji ya Kongo wengi husema «aksida», kwa kufuata Kifaransa, wala hawakimbii mbali kwa kufanya hivyo: asili ya neno hilo katika Kilatini ni kitenzi chenye maana ya kuangukia, jambo limwangukialo mtu pasipo mwenye kulitupa.

Yafaa wanafunzi wa lugha wajue kwamba ugomvi na neno hili una historia ndefu nje ya kamusi. Karibu maendeleo yote yaliyopatikana katika kupunguza vifo vya barabarani katika karne ya 20 yalianza pale ambapo mtu fulani alikataa maana iliyofichwa ndani yake. Daktari mmoja Mmarekani, William Haddon, ambaye habari zake zitafuata, alilichukia neno «accident» hata, kama inavyosimuliwa, akawatoza wasaidizi wake senti 10 kila walipolitamka mbele yake. Mwaka wa 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilitangaza kuwa halitalipokea tena neno hilo katika makala zake, kwa sababu majeraha mengi na matukio yanayoyaleta yanaweza kutabirika na kuzuilika.

Tarehe 17 Agosti 1896, karibu na Crystal Palace mjini London, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokari iliyokuwa katika maonyesho, akafa. Uchunguzi wa kisheria ukaamua kuwa ni kifo cha ajali. Miaka 40 baadaye vifo vya namna hiyo vilikuwa vimekuwa mto: nchini Marekani mwaka wa 1937 pekee watu zaidi ya 37,000 waliuawa na magari. Katika miaka ile mafundisho rasmi yalikuwa mepesi. Barabara itengenezwe vizuri, polisi wasimamie sheria, na zaidi ya yote dereva afundishwe adabu. Mafundisho hayo yaliwapendeza watengenezaji wa magari, kwa maana ikiwa kosa ni la mtu aliyeshika usukani, hapana haja ya kuuliza usukani wenyewe ulimfanya nini. Na ulimfanya mengi. Mhimili wa usukani wa magari ya wakati ule ulikuwa fimbo ya chuma iliyonyooka. Gari lilipogonga kitu kwa mbele, fimbo hiyo ilisukumwa nyuma ikamchoma dereva kifuani kama mkuki. Vifundo vya dashibodi vilichongoka. Milango ilifunguka kwa mshtuko, na waliokuwa ndani wakatupwa nje.

Mtu wa kwanza aliyelitazama jambo hilo kwa jicho jingine hakuwa daktari wala mhandisi wa cheo. Hugh DeHaven alikuwa Mmarekani aliyejiunga na jeshi la anga la Kanada, na mwaka wa 1917, akiwa katika mafunzo huko Texas, ndege yake iligongana na nyingine angani. Alipona, lakini viungo vya ndani ya tumbo lake viliharibika vibaya. Wakati wa kuugua kwake hospitalini alianza kufikiri juu ya kifungo cha mkanda wake, ambacho kilikuwa kikubwa na kimechongoka, na majeraha yake yalikuwa mahali palepale kilipombana. Wenzake walimwambia kwamba kupona kwake ni bahati, na kujeruhiwa kwake ni bahati mbaya. Yeye akaona kwamba yote mawili yalikuwa na sababu iwezayo kupimwa.

Ilimchukua miaka mingi kabla ya kupata wasikilizaji. Katika muda huo alikusanya habari za watu walioanguka kutoka juu sana wakaishi, habari ambazo magazeti huziandika kama miujiza na kuzisahau kesho yake. Mwaka wa 1942 alichapisha uchunguzi wa watu wanane walioanguka kutoka urefu wa futi 50 hadi 150, yaani mita 15 hadi 45 hivi. Mmoja aliangukia udongo wa bustani uliokuwa umelimwa karibuni. Mwingine aliangukia sanduku la bati la kupitishia hewa, na bati likabonyea chini yake. DeHaven alipima kina cha kubonyea huko na kupiga hesabu. Alionyesha kwamba mwili wa binadamu waweza kuvumilia nguvu kubwa kupita vile ilivyodhaniwa, mradi nguvu hiyo itawanywe juu ya sehemu kubwa ya mwili na mwendo usimamishwe katika umbali wa sentimita kadhaa badala ya kukatwa ghafla. Yasemekana pia kwamba alikuwa akiangusha mayai nyumbani kwake juu ya mpira laini, akiongeza urefu kila mara, ili aone ni lini yatavunjika.

Mwaka huohuo alianza kazi katika chuo cha tiba cha Cornell, kwanza juu ya ndege, baadaye juu ya magari. Hoja yake ya mwaka wa 1952 ingeweza kueleweka na mama yeyote anayepeleka vyungu sokoni. Afungaye vyungu ili visafiri hajaribu kuwafundisha wachukuzi wasijikwae kamwe. Huchukua kikapu kisichopondeka, akavibana vyungu visichezecheze, akaweka nyasi kati ya chungu na chungu. Viwanda vya Marekani viliwafungia watu safari kwa uangalifu mdogo kuliko walivyofunga vyombo vya kioo. Kwa msaada wa polisi wa jimbo la Indiana na wa majimbo mengine, Cornell ilianza kukusanya taarifa za migongano, na swali lililoulizwa kwa kila maiti lilikuwa geni: kitu gani hasa kilimuua? Jibu lilirudi tena na tena kwa usukani, kioo cha mbele, dashibodi na mlango uliofunguka. Kuhusu mlango, viwanda vilisikiliza: magari ya mwaka wa 1956 yalianza kutiwa vitasa vilivyoshika zaidi.

Katika jeshi la anga la Marekani alikuwako mtu mwingine wa aina hiyo, daktari John Paul Stapp, ambaye alichagua mwili wake mwenyewe kuwa kipimo. Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico, alifungwa juu ya kigari cha roketi kilichokwenda kasi ya kilomita 1,017 kwa saa, kisha kikasimamishwa katika muda wa sekunde 1.4. Alitoka na macho yaliyojaa damu, akaishi hadi mwaka wa 1999. Stapp aligundua kwamba jeshi lilikuwa likipoteza askari wengi zaidi kwa motokari kuliko kwa ndege, naye mwaka wa 1955 akaanzisha mkutano wa kila mwaka juu ya migongano ya magari. Mkutano huo una jina lake hadi leo.

Lakini vipimo vya DeHaven na ushujaa wa Stapp vilikuwa bado havijawa elimu yenye mpango. Kazi hiyo ilimngoja Haddon, aliyezaliwa mwaka wa 1926 na kusomea uhandisi, tiba na afya ya umma. Alipokuwa katika idara ya afya ya jimbo la New York yeye na wenzake walifanya uchunguzi ambao wastahili kusimuliwa, kwa kuwa unaonyesha jinsi swali lililo rahisi laweza kubadilisha mambo. Walichukua orodha ya watu wazima waliouawa na magari wakienda kwa miguu katika Manhattan. Kisha walikwenda mahali palepale kila mmoja alipofia, siku ileile ya juma na saa ileile, wakawasimamisha wapita njia na kuwaomba wapulize katika kifuko ili pombe yao ipimwe. Kabla ya hapo watu walisema tu kwamba waliokufa wengi walikuwa wamelewa. Je, ni wengi kuliko nani? Ikiwa saa ile, kwenye kona ile, kila mtu amelewa, basi ulevi wa marehemu hauelezi kitu. Matokeo, yaliyotolewa mwaka wa 1961, yalionyesha kuwa waliokufa walikuwa na pombe nyingi zaidi ya wapita njia wenzao, na tena walikuwa wazee zaidi. Tangu hapo haikuwezekana tena kuzungumza juu ya sababu za vifo vya barabarani bila kutaja wale ambao hawakufa.

Kutoka katika elimu ya magonjwa Haddon alichukua pia wazo la kisababishi. Katika malaria kuna vijidudu, kuna mbu avichukuaye, kuna mtu, na kuna mazingira yenye madimbwi. Hakuna serikali yenye akili ambayo ingepigana na malaria kwa kuwahimiza raia wawe waangalifu na mbu, ikaishia hapo. Mwanasaikolojia James Gibson alikuwa amekwisha kusema mwaka wa 1961 kwamba kitu kinachojeruhi ni nishati inayofika mwilini kwa wingi usiovumilika. Haddon alilichukua wazo hilo akalieneza: katika mgongano, kijidudu ni nishati ya mwendo, na motokari ndiyo mbu. Ikiwa ni hivyo, basi nishati inaweza kuzuiwa isizaliwe, au ipunguzwe, au itengwe na mwili, au itawanywe, au madhara yake yatibiwe upesi. Mwaka wa 1970 aliandika makala ambamo kisa ni cha chui milia aliyetoroka. Mtu aweza kutomfuga kabisa, au kumfungia tunduni, au kujenga ukuta kati yake na watu, au kumkata makucha, au kumpeleka haraka hospitalini aliyekwisha kuumwa. Mwenye kusema kwamba dawa ya pekee ni kuwafundisha watu wasiumwe atakuwa ameacha dawa nyingi rafuni.

Kutokana na hayo likatoka jedwali linalofundishwa hadi leo kwa jina lake. Kwenda chini kuna nyakati tatu: kabla ya mgongano, wakati wa mgongano, na baada ya mgongano. Kwenda kando kuna mtu, chombo, na mazingira. Visanduku ni tisa, na mafundisho ya zamani yalikuwa yamejaza kimoja tu, kile cha mtu kabla ya mgongano.

Elimu hii ingeweza kubaki katika majarida. Iliyoitoa humo ilikuwa siasa, na siasa ilisaidiwa na upumbavu wa adui yake. Mwaka wa 1965, mwanasheria kijana Ralph Nader alichapisha kitabu cha kuwashitaki watengenezaji wa magari mbele ya umma. Kampuni ya General Motors, badala ya kujibu hoja, iliajiri wapelelezi wachunguze maisha yake ya faragha. Jambo likafichuka, na mwezi Machi 1966 mkuu wa kampuni hiyo, James Roche, alilazimika kuomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Miezi sita baadaye, tarehe 9 Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria mbili juu ya usalama wa magari na wa barabara, na Haddon akawekwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara mpya ya shirikisho. Kuanzia magari ya mwaka wa 1968 mikanda ya usalama, mhimili wa usukani unaojikunja, na kioo kisichokata shingo vilikuwa amri, wala si pambo la kuuzwa kwa nyongeza ya bei. Mwaka wa 1966 watu 5.5 walikufa kwa kila maili milioni 100 zilizosafiriwa na magari nchini Marekani; mwaka wa 2014 walikuwa 1.08.

Hesabu hiyo haikushuka kwa sheria moja, na hapo ndipo masimulizi mengi hukosea kwa kumfanya Nader kuwa mkombozi wa peke yake. Mkanda wenyewe una historia yake. Nils Bohlin, mhandisi Mswedi aliyekuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege, alihamia Volvo mwaka wa 1958, na mwaka uliofuata akatoa mkanda wa ncha tatu uliomo karibu katika kila gari leo. Volvo iliacha hataza yake itumiwe na wote. Mwaka wa 1967 Bohlin alileta Marekani hesabu ya migongano 28,000 ya Sweden: miongoni mwa waliofunga mkanda hakuna aliyekufa katika mwendo wa chini ya maili 60 kwa saa, hali wasiofunga walikufa katika mwendo wa kila namna, hata ule wa polepole.

Basi mkanda ulikuwako, na ushahidi ulikuwako, lakini watu waliukalia. Jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza duniani kuufanya uvaaji wake kuwa lazima, Desemba 1970. Mwaka wa 1969 watu 1,034 walikuwa wamekufa katika barabara za jimbo hilo, na gazeti moja la Melbourne liliifanya hesabu hiyo kuwa bendera ya vita. Madaktari wapasuaji, waliochoshwa na kushona nyuso zilizopasuliwa na vioo, walisimama mbele ya wanasiasa wakidai sheria. Vifo vya mwaka wa 1970 vilifika 1,061; vya mwaka wa 2020 vilizidi 200 kidogo tu, ingawa watu na magari walikuwa wameongezeka sana.

Marekani ilichagua njia nyingine, ikaanguka. Magari ya mwaka wa 1974 yalitiwa chombo kilichozuia injini isiwake mpaka mkanda ufungwe. Kwa mhandisi lilikuwa jambo safi kabisa. Kwa mnunuzi lilikuwa tusi. Kifurushi cha nyama kikiwekwa kwenye kiti cha pembeni, gari lilikataa kuondoka mpaka nyama ifungwe mkanda. Kabla mwaka haujaisha Kongresi iliondoa amri hiyo, na jimbo la kwanza la nchi hiyo kuwalazimisha watu wazima wafunge mkanda, New York, lilifanya hivyo mwaka wa 1984, miaka 14 baada ya Victoria. Vifo vya miaka hiyo vyapaswa kuandikwa pia katika daftari la sera iliyojua fizikia na kumsahau mtu.

Pombe ilikuwa na safari ya namna hiyo. Norway iliweka kiwango cha pombe katika damu ya dereva mwaka wa 1936. Robert Borkenstein wa polisi ya Indiana alitengeneza mwaka wa 1954 kipimo cha pumzi kilichoweza kutumiwa kando ya barabara, kisha akaongoza uchunguzi mkubwa wa Grand Rapids uliochapishwa mwaka wa 1964, ambao ulionyesha hatari ikipanda kwa kadiri ya pombe. Barbara Castle, waziri wa uchukuzi wa Uingereza, alitegemea elimu hiyo katika sheria ya mwaka wa 1967. Alitukanwa sana, na kuliko yote alikejeliwa kwamba yeye mwenyewe hakujua kuendesha gari. Jambo hilo laweza kutazamwa kwa upande wa pili: asiye dereva hakuwa na rafiki wa kumlinda.

Yawapasa wasomi kuusikia pia upinzani. Mwaka wa 1975 mchumi Sam Peltzman wa Chicago alidai kwamba usalama unaotiwa ndani ya gari huliwa na dereva: ajionaye salama huendesha kwa kasi zaidi, na mzigo humwangukia mwenda kwa miguu. Chunguzi nyingi za baadaye zilikuta kwamba malipo hayo, yanapokuwapo, ni madogo kuliko faida. Hata hivyo Peltzman alikuwa ameweka kidole mahali penye kidonda. Sheria ya mwaka wa 1966 ilimtazama hasa aliye ndani ya gari. Nchini Marekani wenda kwa miguu waliouawa mwaka wa 2009 walikuwa 4,109. Mwaka wa 2022 walizidi 7,000, na ukubwa wa magari yanayopendwa siku hizi ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Nchi iliyomvumbua Haddon ilijaza safu ya chombo na kuiacha ile ya mazingira ikiwa nusu tupu.

Sweden ilikwenda mbali zaidi. Mwezi Oktoba 1997 bunge lake lilipitisha kanuni kwamba hakuna kifo cha barabarani kinachokubalika kama bei ya usafiri, na kwamba wajibu ni wa wajengao barabara kama ulivyo wa wazitumiao. Mtu atakosea daima. Barabara ijengwe ili kosa lisiwe hukumu ya kifo. Kutoka katika kanuni hiyo zikaja kamba za chuma kati ya njia mbili zinazopishana, mizunguko badala ya njia panda, na mwendo wa kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari na watoto huchanganyika. Waliokufa mwaka wa 1997 walikuwa 541. Mwaka wa 2020 walikuwa 200 hivi.

Kwa Afrika habari hii huletwa mara nyingi kama ya watu wengine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 katika barabara za dunia mwaka wa 2021, na asilimia 92 kati yake vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika, yenye magari machache, ina kiwango kikubwa kuliko zote cha vifo kwa idadi ya watu. Wala si kweli kwamba elimu yenyewe ni ya Wazungu peke yao. Mwaka wa 2004 waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alilazimisha matatu zote zifunge vidhibiti vya mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, na mikanda katika kila kiti. Wenye magari waligoma, waziri hakutikisika. Wachunguzi wawili, James Habyarimana na William Jack, walijaribu kitu chepesi zaidi kuanzia mwaka wa 2008. Walichagua kwa kura nusu ya matatu zaidi ya 2,000, wakabandika ndani yake vikaratasi vilivyowahimiza abiria kumkemea dereva akiendesha ovyo. Madai ya bima kwa magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa lililofuata, la magari 12,000 hivi, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2015, lilipata upungufu mdogo kuliko wa kwanza, kati ya robo na theluthi. Bado ni mavuno makubwa kwa kipande cha karatasi. Abiria wa matatu alikuwa na ulimi siku zote. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa.

Huko Kinshasa, mwaka wa 2013, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi alisimamisha njia panda roboti kubwa za kuongoza magari, zenye kutumia nguvu za jua na kutengenezwa na Wakongomani. Wageni walizipiga picha kwa kicheko. Madereva waliosema kwamba huitii roboti kwa sababu haiombi rushwa walikuwa wakitoa maelezo ya kisayansi kuliko walivyojua, maana walikuwa wakitaja kisanduku cha mazingira kabla ya mgongano, ambamo askari wa barabarani naye amo.

Lakini safu inayoleta uchungu zaidi katika nchi hizi ni ya tatu, ile ya baada ya mgongano. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, Kivu ya Kusini, kwenye barabara ya bonde la Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka. Petroli ikamwagika. Watu walikuja na madumu. Wengine walikuwa ndani ya nyumba na vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipowaka uliwaua wale na hawa, zaidi ya watu 230, na wengi wao walizikwa katika makaburi ya pamoja kwa kuwa hawakuweza kutambuliwa. Yaliandikwa mengi juu ya tamaa na ujinga wa wanakijiji. Maelezo hayo ni ndugu wa yale ya mwaka wa 1937, yaliyomlaumu dereva aliyechomwa na usukani wake. Tena hayasemi lolote juu ya mtoto aliyeketi mbele ya televisheni.

Jedwali la Haddon linauliza vingine. Kabla: tangi lilikuwa katika hali gani, na lori la aina hiyo lapitaje katikati ya nyumba? Wakati wa kupinduka: mbona vifuniko na vali za tangi haviwezi kushika lilalapo ubavu, hali viwanda vinajua kutengeneza vinavyoshika? Baada: nani mwenye mamlaka ya kuwafukuza watu umbali wa mita mia chache, ana filimbi na kamba, na amekwisha kuagizwa kwamba kazi hiyo ni yake hata usiku? Hospitali yenye kitanda cha aliyeungua iko wapi, na barabara ya kwenda huko ni ya saa ngapi? Majeruhi wa Sange walipelekwa Uvira na Bukavu. Kupinduka kwenyewe ni sehemu ndogo ya hesabu ile ya watu 230. Vifo vyao vilikaa katika muda uliokuwapo kati ya mafuta kumwagika na moto kuwaka, muda ambao ungetosha kwa filimbi.

Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu mjini Morogoro, nchini Tanzania, lori jingine la mafuta lilipinduka kando ya barabara kuu. Watu walikuja na madumu, pikipiki zikasimama karibu, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Magazeti ya nchi zote mbili yaliliandika tukio chini ya neno lilelile, ajali.